Kura 336 za Chimwaga

Vijana wana msemo uliosambaa tangu kura za maoni za mwaka 2020: wajumbe si watu. Wanausema huku wakicheka, mimi haunichekeshi. Nimekuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi mara mbili, chama kikitafuta mgombea urais mpya: mwaka 1995 na mwaka 2005. Kila nikiusikia msemo huo najiona nimerudi ukumbini Chimwaga, Dodoma, karatasi ya kura mkononi, na maneno hayo yananihusu.

Majuzi msibani, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tunangoja mazishi, kijana mmoja alituuliza wazee kama mtu wa msimamo wa wastani anaweza kupitishwa na chama kugombea urais. Alikusudia mtu asiye na matusi, asiye na jeshi la wapambe, anayemsikiliza hata asiyekubaliana naye. Wenzangu walimjibu kwa mkato: hawezi, siasa ni makundi. Nilinyamaza, maana jibu nililonalo halikutosha kusemwa jeneza likiwa njiani.

Nianze na lugha, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimemfanyia ukali mtu huyu. Asiyeegemea upande tunamwita vuguvugu, si moto si baridi. Tunamwita popo, si ndege si mnyama. Akisema wa huku ana haki na wa kule naye ana hoja, tunamwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka, na akiendelea anakuwa ndumilakuwili. Sifa tuliyomwachia ni moja tu, mtu wa kiasi, na hiyo mara nyingi huisema imamu au padri juu ya marehemu. Kijana anayeingia kwenye siasa akiwa na tabia hiyo anakuta mlangoni majina manne ya kumtukana na moja la kumzika nalo.

Hata hivyo watu wa aina hiyo wamepita. Nimewaona wakipita, na mmoja nilimpitisha kwa mkono wangu.

Julai 1995 majina yalikuwa yamechujwa yakabaki matatu. Cleopa Msuya alikuwa Waziri Mkuu. Jakaya Kikwete alikuwa Waziri wa Fedha, hajafikisha miaka 45, na vijana wa ukumbini walikuwa wake. Benjamin Mkapa alikuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, mhariri wa magazeti wa zamani, mwanadiplomasia, mtu ambaye wajumbe wengi wa wilayani kwetu walimfahamu kwa sauti ya redioni kuliko kwa kupeana naye mkono. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa na miaka mitatu tu. Augustine Mrema alikuwa ameshatoka CCM kwenda NCCR-Mageuzi, na huko mitaani watu walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mikono. Tulikuwa na hofu ya kweli kwamba chama kinaweza kushindwa.

Kura ya kwanza mimi nilimpa Msuya. Alikuwa amebeba mizigo ya fedha na uwaziri mkuu katika miaka ya dhiki kubwa, nami niliamini aliyelala njaa na nchi ndiye anayeijua. Hesabu ilipotangazwa, Kikwete alikuwa na kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyefika nusu. Mzee wetu akaondoka kwenye karatasi, na sisi 336 tukabaki tumekaa, mtu wetu hayupo, tunaulizwa upya.

Ninataka msomaji akae nasi hapo kidogo, kwa sababu jibu la kijana wa msibani lilikuwa pale. Katika duru ya kwanza mtu huulizwa anampenda nani. Katika duru ya pili, yule ambaye mtu wake ameanguka huulizwa swali jingine kabisa: kati ya hawa wawili, nani unaweza kuishi naye? Mwenye wapenzi wengi hushinda swali la kwanza. Swali la pili humpa nafasi mtu ambaye wasio wake hawana kinyongo naye. Mwenzangu wa kiti cha kushoto, mama mmoja mwenye busara kutoka wilaya ya jirani, aliniambia kwa sauti ya chini, “Ndugu yangu, huyu kijana bado ana wakati. Huyu mwingine hana mtu aliyemkosea.” Sikuwa na la kuongeza.

Matokeo ya duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Piga hesabu mwenyewe. Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete akaongeza 105. Kama kila mtu wa duru ya kwanza alibaki alipokuwa, basi zaidi ya theluthi mbili ya watu wa Msuya walikwenda kwa yule ambaye dakika chache kabla alikuwa wa pili. Kama kanuni ingesema anayeongoza ndiye mshindi, Mkapa angerudi wizarani kwake na historia ya nchi ingeandikwa vingine.

Sitaki kusema uongo kwamba ulikuwa ufundi wa kanuni peke yake. Mwalimu Nyerere alikuwa hai, na ilijulikana anampendelea Mkapa. Neno lake lilikuwa na uzito ambao kijana wa leo hawezi kuupima. Lakini hata Mwalimu, kwa ushawishi wake wote, alihitaji watu 336 ambao hawajafungwa mikono. Ushawishi hauwezi kumgeuza mtu ambaye kura yake imeshakabidhiwa kwa mwingine kabla hajapanda basi.

Na yaliyofuata yalikuwa na staha. Kikwete hakuhama chama. Mkapa alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akakaa hapo miaka kumi yote. Siku hizi aliyeshindwa hutafutiwa pa kufukiwa, na naye mara nyingi hakubali kushindwa, kwa hiyo jambo hilo nalitaja kwa heshima ya wote wawili.

Je, mtu wa kiasi akishapita hubaki wa kiasi? Hapana uhakika. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Pemba, watu wakafa, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi kutoka nchi ambayo haikuwahi kuzalisha wakimbizi. Mkapa ndiye aliyekuwa Rais. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, alikiri mwenyewe kwamba lile ni doa katika uongozi wake. Mimi niliyempigia kura duru ya pili nina sehemu yangu katika doa hilo, kwa kuwa nilidhani kumpata mtu mzuri ndiyo mwisho wa kazi.

Kabla ya mwaka 1995 palikuwa na njia nyingine. Mwaka 1985 Mwalimu alipong'atuka, majina yaliyozungumzwa juu kabisa yalikuwa ya Rashidi Kawawa, Salim Ahmed Salim na Ali Hassan Mwinyi. Kawawa alikuwa Simba wa Vita, mkono wa Mwalimu tangu enzi za TANU. Salim alikuwa Waziri Mkuu, kijana aliyewahi kuwa balozi wetu Misri akiwa na miaka 22. Mwinyi alikuwa na mwaka na kitu tu tangu akabidhiwe Zanzibar, Januari 1984, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu katika ile hali tuliyozoea kuiita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Katika watatu hao Mwinyi ndiye aliyekuwa na kelele kidogo kuliko wote, na jina lake ndilo lililobaki. Huyu ni mtu ambaye miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa makosa yaliyofanywa na watu walio chini yake Shinyanga, watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola. Hakusubiri kufukuzwa. Sisi tulimwita Mzee Ruksa na tukaona ni jina la mzaha, kumbe lilikuwa linaeleza tabia: alifungua, hakufunga.

Ila wakati ule hatukuulizwa sisi. Wachache waliokaa chumbani walitafuta mtu ambaye bara na visiwani, wa mrengo huu na wa mrengo ule, hakuna atakayeona ameshindwa. Kwa hiyo nimeona mtu wa kiasi akipita kwa njia mbili: wazee wakimwona kutoka chumbani, au wajumbe walio huru wakiulizwa swali la pili.

Sasa niseme la mwaka 2005, ambalo limenikalia kifuani miaka hii yote.

Salim alirudi. Alikuwa ameongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kutoka mwaka 1989 hadi 2001, kipindi kirefu kuliko katibu mkuu yeyote wa umoja ule. Miaka hiyo ubaguzi wa rangi ulianguka Afrika Kusini, Rwanda ikaungua, na umoja wenyewe ukawa unajiandaa kuwa Umoja wa Afrika. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu wasiotazamana usoni na kuwapatia meza moja. Kama ungetaka kumchora mtu wa wastani kwa kipimo changu, mtu asiyetetereka lakini asiyemdhalilisha mwingine, ungemchora yeye.

Upande wa pili alikuwapo Kikwete, na nisimdhulumu: naye hakuwa mtu wa ukali. Alicheka na watu, alikumbuka majina, alifika misibani. Tofauti haikuwa katika tabia zao, ilikuwa katika kile kilichowabeba. Kwa miaka kumi, tangu zile kura 639, wenzake walikuwa wamejenga kitu ambacho nchi nzima ilikijua kwa jina la mtandao. Ulishuka mkoa hadi wilaya, wilaya hadi kata. Uchaguzi wa ndani wa chama wa mwaka 2002 ulipofanyika, wengi wetu tuliochaguliwa kuwa wajumbe tulikuwa tumeshahesabiwa kwamba huyu wa wapi na yule wa nani. Zama zenyewe zilikuwa za takrima. Sheria ya uchaguzi ilikuwa imerekebishwa mwaka 2000 ili ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura usihesabiwe kuwa rushwa, na Mahakama Kuu haikuibatilisha hadi 2006. Jambo likishakuwa na jina zuri kwenye sheria, litafika hadi mlango wa nyumba ya wageni unapolala.

Na yakaja maneno. Kwanza yalinong'onwa, kisha yakaandikwa, kuhusu asili ya Salim na ujana wake katika siasa za Unguja na Pemba kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mtu aliyeitumikia Tanzania tangu ana miaka 22, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu na Waziri wetu wa Ulinzi, eti ghafla tuanze kuuliza damu yake imetoka wapi. Usiku mmoja wa Mei, tukiwa Dodoma, upepo ule wa vumbi ukivuma nje, nilikuwa chumbani na wajumbe wenzangu sita. Mmoja akayarudia maneno hayo. Nilijua kuwa ni dhuluma. Nilikuwa mwalimu wa shule miaka 31, nimefundisha watoto kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, ile ahadi ya kwanza ya mwana-TANU. Sikufungua mdomo. Nilikunja blanketi langu nikasema nimechoka.

Tarehe 4 Mei Kikwete alipata kura 1,072, Salim 476, Mark Mwandosya 122. Duru ya pili haikuhitajika. Watu wamezoea kuisoma namba hiyo kama ukubwa wa ushindi. Mimi naisoma kama kutoweka kwa swali la pili. Hakukuwa na kundi la watu mia tatu waliokaa wakijiuliza nani wanaweza kuishi naye, kwa kuwa zaidi ya nusu ya ukumbi ilikuwa imejibu kabla ya kuulizwa. Mtu wa kiasi hana dawa ya hali hiyo. Hoja zake ni nzuri kwa watu ambao bado wanafikiri, na pale ndani wanaofikiri walikuwa wamebaki wachache mno.

Kura yangu ilikuwa katika zile 1,072. Nimeliandika hilo sasa kwa mara ya kwanza. Nilimwamini Salim na nikampigia mwingine, kwa sababu orodha ya wilaya yetu ilikuwa imeshapelekwa, na kiongozi mmoja alikuwa ametuambia kwamba kura zikipungua itajulikana ni za wapi. Lakini kura ilikuwa ya siri. Nilikuwa peke yangu na kalamu. Hakuna ambaye angejua.

Kuhusu 2015 sina mengi, sikuwa mjumbe tena, niliyaona kwenye televisheni kama kila mtu. Watu 42 walichukua fomu. Kambi kubwa zilikuwa mbili, ya Edward Lowassa na ya Bernard Membe, zote zimetoka katika mtandao uleule wa 2005 uliokuwa umepasuka. Kamati Kuu ikalikata jina la Lowassa, wajumbe watatu wa kamati hiyo wakajitokeza hadharani kupinga, na Halmashauri Kuu ilipokutana baadhi ya wajumbe waliimba wimbo wa kumuunga mkono mbele ya Mwenyekiti wao. Membe naye aliingia tano bora, akaachwa kwenye tatu bora. Kambi zote mbili zilipokosa mtu, akabaki John Magufuli, aliyezunguka mikoani kutafuta wadhamini bila matarumbeta. Alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59.

Nyumbani kwangu tulishangilia. Niliwaambia majirani kwamba njia ya Mwinyi imerudi, kwamba chama kimempata mtu wa kati. Nilikosea, na kosa langu ni la kizazi kizima: tulidhani asiye na kambi ni mtu wa kiasi. Kutokuwa na kambi ni hali ya siku moja, siku ya kura. Kiasi ni tabia ya kumwachia mwingine nafasi ya kusema hapana. Mwaka uliofuata mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na ikaruhusiwa tena Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio. Magufuli alifanya mengi ambayo hata wapinzani wake wanayataja, barabara, reli, nidhamu ofisini. Kiasi hakikuwa kati ya hayo, wala yeye hakuwahi kutuambia kwamba anacho. Tulimvika wenyewe.

Tangu hapo chama changu hakijapeleka majina matatu mbele ya Mkutano Mkuu kutafuta mgombea wa Muungano. Mwaka 2020 alisimama Rais aliyekuwapo, na Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu pale Dodoma ulimpitisha Rais aliyepo. Mjumbe aliyezaliwa mwaka nilioketi Chimwaga mara ya kwanza ametimiza miaka 30 bila kuulizwa swali la kwanza, achilia mbali la pili. Ninapowasikia wazee wenzangu wakisema vijana wa leo hawana uvumilivu, wanataka mtu wa kupaza sauti, ninajiuliza wangejifunzia wapi kupima watu. Sisi tulikuwa na ukumbi, karatasi na kalamu, tukaviuza kwa kanga, nauli na hofu. Kizazi chetu kilirithi kwa Mwalimu chama ambacho mtu mpole angeweza kupenya, tukawaachia wajukuu chama cha kuhesabu vichwa. Na hata vyama vya upinzani, vilivyozaliwa vikitulaumu, nimeona navyo vikipasuka kwa makundi yaleyale kila uchaguzi wa ndani unapofika.

Yule kijana wa msibani alinifuata nyumbani wiki iliyofuata. Kumbe anataka kugombea udiwani, na alikuja na daftari. Ameorodhesha wajumbe wote watakaopiga kura za maoni katani kwetu, jina kwa jina, na pembeni ya kila jina ameweka alama: wake, wa mwenzake, hajulikani. Aliomba nimsaidie kwa hao wasiojulikana, nimwambie kila mmoja anapenda nini, soda, vocha au bati. Ni kijana mzuri. Baba yake nilimfundisha darasa la nne.

Nikainuka, nikaenda kabatini nikatoa daftari langu la 1995, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nikamwonyesha zile namba tatu nilizoziandika siku ile ukumbini, 534, 459 na 336, na nikaweka kidole juu ya ile ya mwisho. Nikamwambia hao ndio walioamua nani awe Rais wa Tanzania, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kisha nikamwuliza hao wa kwake wasiojulikana, siku wakiachwa bila mtu wao wakarudishwa kwenye karatasi, watamkumbukia lipi.

Alilitazama daftari kwa muda, akafunga la kwake, akaniaga kwa shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Sijui atarudi na nini. Daftari langu nimeliacha mezani.